Mratibu wa elimu ya mazingira kijijini, anza na kalenda ya maji (uzi mrefu kutoka kwenye mikoko)

Mchu Mkongwe (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Kule kwenye mjadala wa kampeni za kupanda miti watu wamebishana hadi wakatoleana maneno. Mmoja anasema wanakijiji hawana elimu, mwingine anasema wafadhili ni matapeli. Nimeona nisivuruge uzi wa watu, nije na wangu. Kazi yangu ni kuratibu programu inayounganisha shule za msingi na kamati za vijiji kwenye hifadhi ya mikoko, mwambao wa kaskazini wa Tanzania. Vijiji na mashirika sitayataja, maana humu tumo wote. Nitaandika vipande vipande, mwenye kuchangia asisubiri nimalize.

Hoja yangu ni moja, nyingine zote zinaning'inia hapo: programu hizi haziuawi na ujinga wa watu. Watu wa pwani wanaijua mikoko kuliko mimi niliyeisomea. Zinauawa na kalenda. Mradi unapangwa mjini kwa kufuata mwaka wa bajeti, halafu unapelekwa mahali ambapo watu wanaishi kwa bamvua.

Kwa wenzetu wa bara: bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua. Maji huenda mbali na kurudi juu sana, tofauti inapita mita 3. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, bahari inajivuta kidogo tu. Sasa, pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Saa hiyo hiyo ambayo ungetaka kumwonyesha mtoto mzizi, kaa, nyasi bahari na mwamba, mtoto yupo darasani, mama yake yupo mwambani anatafuta pweza, na baba yake kalala maana alikesha baharini. Ukingoja jioni watoto watoke shule, maji yamefika kwenye shina. Jioni ambazo maji yamepwa zipo, lakini ni za maji mafu, hayaendi popote, na ni saa ya madrasa.

"Basi tufanye Jumamosi." Wote husema hivyo. Kwetu madrasa hupumzika Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi na Jumapili asubuhi ustadhi ana watoto wake. Mratibu wa mjini anapiga filimbi Jumamosi saa tatu, wanakuja watoto saba, anarudi kuandika kwenye ripoti kwamba "mwamko wa jamii bado ni mdogo".

Ongeza hapo masika, familia zimehamia mashambani. Ongeza Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na kitu. Ongeza Septemba, darasa la saba wana mtihani na mwalimu mkuu hataki kusikia habari ya kaa. Ongeza miaka ya uchaguzi kama 2024 na 2025, kamati za kijiji zinalala miezi kadhaa kwa sababu hakuna anayejua mwenyekiti atakuwa nani. Ukitoa vyote hivyo, siku za mwaka unazoweza kuwa na watoto, maji makavu, mwalimu na mzee wa kijiji mahali pamoja ni chache mno. Kuratibu ni kuzijua siku hizo mapema na kuzilinda.

Naendelea kipande cha pili baada ya chakula.

kibarazani

Nimeweka kiti.

Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi umenena, lakini na sisi walimu utuseme vizuri. Klabu ya mazingira kwenye shule nyingi ni mwalimu mmoja aliyebambikiwa kwenye kikao asichohudhuria. Ana vipindi vyake, ana madaftari ya watoto mia na ushee, halafu anakuja mtu na fulana anamwambia "wewe ndiye mlezi wa klabu". Mlezi halipwi, mlezi haongezwi daraja.

La pili, wazazi wana kumbukumbu. Elimu ya Kujitegemea ilipokuja mwaka 1967 wazo lake lilikuwa zuri, mtoto asome na kazi ya mahali pake. Mashuleni ikaishia kwenye shamba la shule, watoto wanalima na mazao yanajulikana yalikokwenda. Leo ukimwambia mzazi mwanawe amekwenda "kupanda miche ya mradi", anasikia yale yale. Na wakati mwingine ni yale yale kweli.

Mchu Mkongwe (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo kabisa. La shamba la shule ndilo limenifanya nibadili kazi ya watoto. Kwetu watoto hawapandi. Nitaeleza.

KIPANDE CHA PILI: watoto wafanye nini wakifika

Kampeni ikija huwa na miche ya mkoko, maana mbegu yake ni rahisi. Huchipua ikiwa bado mtini, inaning'inia kama rungu la kijani, inakomaa shingo ikianza kugeuka njano. Unaichomeka kwenye tope, picha inapendeza. Tatizo ni pale inapochomekwa. Mara nyingi ni kwenye ufuko ulio wazi mbele ya msitu, kwa sababu pana nafasi na gari inafika karibu. Mahali pasipo na mikoko, ilhali jirani yake ipo, jiulize kwanza kwa nini haipo. Wimbi lina nguvu, au mchanga unahama, au maji yanakaa juu muda mrefu kuliko mche unavyostahimili. Wengine wanachomeka katikati ya nyasi bahari, wanaharibu malisho ya samaki ili wapate picha ya kuokoa samaki.

Mzee yeyote wa boriti (mkata nguzo za mikoko) atakwambia mpangilio wa aina za mikoko. Mlilana ndiye anasimama mbele kabisa anapokea bahari. Nyuma yake mkoko wenye mizizi ya magoti, kisha muia na mkandaa, na mchu utamkuta hadi kule nyuma kwenye chumvi kali ambako wengine hawawezi. Mkomafi na kikandaa wana pembe zao. Hilo ni somo la jiografia na sayansi lililokamilika, na halihitaji mche hata mmoja.

Kwa hiyo watoto wanapima. Tunatumia kamba na vigingi, kiwanja cha mita 10 kwa 10, hakihamishwi mwaka hadi mwaka. Wanahesabu miti mikubwa kwa aina, visiki, na machipukizi yaliyoota yenyewe. Hesabu wanarudi nazo darasani, zinakuwa asilimia na wastani, kwa hiyo mwalimu wa hisabati hapotezi kipindi, anakipata kimetayarishwa. Na wanagundua mambo wenyewe. Kisiki cha mchu kinachipua upya, kisiki cha mkoko uliokatwa chini kimekufa, hakirudi. Mtoto akishaliona hilo hahitaji hotuba kuhusu kwa nini mkata boriti achague mti na namna ya kuukata.

Jambo la tatu wanalogundua ndilo linalowaudhi wenye fulana: pale ambapo mti mama umebaki na maji yanapita vizuri, machipukizi huja yenyewe kwa wingi usioweza kuupanda kwa mkono. Kupanda kuna mahali pake, sikatai. Eneo lililofyekwa lote, mbegu haziletwi na maji, hapo panda. Lakini iwe kazi ya watu wazima wenye kulipwa kibarua chao, si ya darasa la tano.

bi pweza

Hapo kwenye mwamba umetutaja kwa kupita tu, ngoja niseme. Mimi ni mmoja wa hao akina mama. Mikutano yenu ya "jamii" mnaiita saa nne asubuhi. Siku za bamvua saa nne mimi nipo mwambani na nondo yangu, na siku hizo ndizo za kitoweo na ada. Mnakutana na wanaume wasiokwenda mwambani mnajadili mwamba. Halafu mnashangaa sheria ndogo haifuatwi.

Mchu Mkongwe (mleta uzi)

Bi mkubwa, maneno hayo niliyasikia kijijini kwa ukali kuliko huo, na ndiyo yaliyozaa karatasi ya manila. Nieleze.

Kabla ya mwaka kuanza tunakaa watu wachache: mwalimu mlezi, ustadhi, mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari (BMU), mama mmoja au wawili wa pweza, mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, mzee mmoja mwenye kujua nyakati. Tunabandika manila ukutani. Mstari wa kwanza miezi na bamvua zake. Wa pili mihula na mitihani. Wa tatu madrasa, Ramadhani, Maulidi. Wa nne kilimo na pepo, kusi likivuma hakuna wa kukanyaga sehemu fulani. Wa tano mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kila miezi mitatu. Halafu tunatafuta nafasi. Ustadhi akiwa ndani ya chumba anasema mwenyewe, "Jumamosi hii ya bamvua nitawaachia, nileteeni Alhamisi". Asipokuwemo, hakuna barua itakayomfanya aseme hivyo.

Mikutano na akina mama ni siku za maji mafu. Ni jambo dogo mno, halina gharama, na sijaliona kwenye andiko la mradi hata mara moja.

Na kwa kuwa umetaja pweza, eleza kufunga mwamba kwa wasiojua. Wewe ni fundi.

bi pweza

Pweza anakua haraka sana. Maisha yake yote ni mwaka na kidogo, jike akitaga anakaa na mayai yake hali chakula, yakianguliwa anakufa. Kwa hiyo ukimwacha miezi michache tu unamkuta mkubwa, na wengine wameshazaa. Watu wanakubaliana kipande cha mwamba, si mwamba wote, kinafungwa kama miezi mitatu, kisha kinafunguliwa siku ya bamvua watu wote wanashuka pamoja. Wenzetu wa Andavadoaka kule Madagaska walianza mwaka 2004, huku kwetu Kisiwa Panza Pemba wamefanya, na vijiji vingine vya pwani.

Shida yake hamtaikuta kwenye vitabu. Ni wavuvi wa dago na wazamiaji wa miwani. Wanatoka mbali, wanakaa wiki, hawakuwepo kwenye mkutano. Sisi tumefunga, wao wanavuna usiku. Watoto wa klabu walituchorea mabango tukabandika kwenye bandari wanakoshukia, yalisaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi ni mwenye nyumba anayewapangisha kuambiwa kwamba mgeni wako akivunja, unaulizwa wewe.

Mtumishi wa Umma

Mimi niko halmashauri, idara sitaitaja. Mnalaumu sana wataalamu. Shirika linakuja na mpango umeshachapwa kwa rangi, linataka saini ya Mkurugenzi wiki hiyo hiyo, na uzinduzi tarehe 5 Juni siku ya mazingira duniani kwa sababu mgeni rasmi anapatikana. Nani amewauliza kama Juni 5 ni bamvua?

Mchu Mkongwe (mleta uzi)

Mtumishi umenichekesha lakini ni kweli tupu. Umenipa mlango wa kipande cha tatu.

KIPANDE CHA TATU: mti mmoja, ofisi nne

Mkoko wenyewe uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwa maana mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu tangu enzi za mkoloni. Wizara ya Maliasili na Utalii, basi. Kaa na kamba walio chini ya mizizi yake ni Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Mazingira kwa ujumla wake, ikiwemo kamati ya mazingira ya kijiji inayotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ni Ofisi ya Makamu wa Rais. Na mtoto anayehesabu, pamoja na mwalimu wake na kijiji chake, ni TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa). Wote hao wanakutana kwa mtu mmoja, mtendaji wa kijiji, ambaye ana meza moja na pikipiki ya kuazima.

Anayeanza kazi hii asikimbilie juu. Anza kwa mtendaji na mwenyekiti, uelewane nao jambo, ndipo barua iende kwa Mkurugenzi ikiwa na nakala kwa ofisa elimu, ofisa maliasili na ofisa uvuvi kwa pamoja, barua moja. Ukipeleka barua nne tofauti, kila mmoja anadhani mradi ni wake na mwenzake kavamia. Halafu mpelekee mhifadhi wa TFS wa wilaya ratiba ya kwenda msituni, hata kama mnakwenda kuhesabu tu na kamba yenu. Kundi la watoto ndani ya hifadhi bila yeye kujua ni fujo utakayoitafuta mwenyewe.

Sheria ndogo nayo ina njia yake. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unatoa maoni, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Huwa inakwama hapo mwisho, kwa miezi. Wakati inakwama watu wa kijiji wanaona wamedanganywa. Sasa hivi kabla hata ya kuandika sheria ndogo tunawaambia itachukua muda gani kufika na itakaa mezani kwa nani.

Na posho. Nitasema kwa ufupi kwa sababu nitatukanwa. Mkutano wa kijiji wa kawaida wa kisheria sitoi posho, nikitoa nimeua mkutano ujao. Siku ya kazi ya kupima, mzee anayetuongoza msituni analipwa kama fundi, kwa saini, kila mtu akijua kiasi. Ujuzi wa mzee ni ujuzi. Mtaalamu wa mjini anaulizwa kiwango chake kabla hajafika, mzee wa boriti anapewa soda.

kibarazani

Hapo kwa soda umenigusa, babu yangu alipewa soda ya moto.

Msukuma wa Kishapu

Naomba niwatoe pwani kidogo. Haya ya kalenda sisi Shinyanga tunayajua kwa jina la ngitili. Zamani kila mfugaji alikuwa na kipande cha malisho anachokifunga wakati wa mvua, majani yanakua, kinafunguliwa kiangazi kikikaza. Huko nyuma serikali ya mkoloni ilifyeka misitu kuua mbung'o, baadaye pamba, baadaye watu kuhamishiwa vijijini, ngitili zikabaki kidogo sana. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zinahesabiwa kama hekta 600. Ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000.

Watu wanadhani ni miche. Miche mingi ya mwanzo ilikufa. Kilichofanya kazi ni kufunga eneo na kuacha visiki na mbegu zilizomo ardhini zifanye kazi, kwa kalenda ambayo mfugaji alikuwa nayo kabla ya mradi. Na waliosimamia ni dagashida, baraza la mila, na sungusungu. Ukilisha ng'ombe ndani ya ngitili iliyofungwa, unahukumiwa na wenzako. Shule nazo zilikuwa na ngitili zao. Kwa hiyo mleta uzi sikupingi, nakuongezea.

Mchu Mkongwe (mleta uzi)

Msukuma asante. Huo ndio mfano mkubwa kuliko yote nchini kwenye jambo hili na vijana wa siku hizi hawafundishwi.

KIPANDE CHA NNE: watoto si askari

Hiki nakiandika kwa uzito. Kuna programu zinazowapa watoto fomu ya "matukio ya uharibifu": nani kakata, nani kavuta kokoro, nani kachoma chokaa kwa magogo ya mikoko. Mwandishi wa fomu ana nia njema na hana akili. Kijiji cha wavuvi kina nyumba chache, kila mtu ni mjomba wa mtu. Mtoto anaandika jina, karatasi inafika kwa ofisa, boti inakamatwa, na jioni kila mtu anajua ni mtoto wa nani aliyeandika. Mtoto huyo anakula wapi? Mama yake anakopa dukani kwa nani?

Kwetu fomu ya watoto haina sehemu ya jina la mtu. Wanahesabu visiki, hawahesabu wakataji. Kisiki ni ushahidi tosha wa mkutano kujadili. Kukamata ni kazi ya BMU na askari wa misitu, watu wazima walioapa na wenye sheria nyuma yao. Nikisikia mwalimu kamtuma mtoto kumchunguza mzazi, nasimamisha klabu hiyo hadi tuongee.

Halafu hesabu za watoto zinakwenda kwenye mkutano mkuu. Wasio na miaka 18 hawapigi kura, lakini hakuna kinachozuia kuwasilisha. Tunaomba nafasi kwenye ajenda mapema, wanasimama watoto wawili na bango, dakika kumi, kisha wanaondoka. Mjadala ni wa wakubwa. Nimeona mkutano mmoja watu walikuwa wanalumbana kama visiki vimeongezeka au vimepungua, mzee akauliza, "Watoto wana ngapi?" Zikasomwa. Ubishi ukahamia kwenye kufanya nini, ambako ndiko ulikotakiwa uwe tangu mwanzo.

Mwalimu wa Zamu

Hili la jina kwenye fomu liandikwe kwa herufi kubwa. Nimeshuhudia mtoto kuhamishwa shule.

Kijana wa Kwale

Hamjambo jamani. Huku kwetu kusini mwa pwani ya Kenya tuna Mikoko Pamoja, vijiji vya Gazi na Makongeni. Tangu mwaka 2013 wanauza hewa ukaa ya mikoko hekta 117 (yaani wanalipwa kwa kaboni inayotunzwa na mikoko hiyo), na ni wa mwanzo duniani wa jamii kufanya hivyo kwa mikoko. Pesa si nyingi kivile, lakini watu wakikaa baraza ndio wanaamua iende wapi: maji, vitabu, kukarabati skuli. Mtoto akinywa maji ya bomba anajua yametoka kwenye mikoko, huhitaji kumsomesha sana. Vanga nao wakafuata mwaka 2019 na eneo kubwa zaidi, hekta 460.

Kule Kilifi kuna basari za sekondari za watu wa msitu wa Arabuko-Sokoke na Mida Creek, zinatokana na pesa za watalii, zimeanza 2001. Mzazi anajifunga kulinda msitu, mtoto anasaidiwa karo. Nauliza mleta uzi, mbona wewe huongei faida? Bila faida nani atahesabu visiki?

Muheza Milimani

Faida ni nzuri ila msiitegemee peke yake. Huku Amani tulikuwa na mradi wa vipepeo tangu mwaka 2003. Watu wanafuga, mabuu yaliyofunga yanasafirishwa Ulaya na Marekani kwenye maonyesho, sehemu ya pesa kwa mfugaji na nyingine kwa kijiji. Watu walipanda miti ya chakula cha viwavi na kulinda msitu wenye kipepeo mzazi. Mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Kipepeo naye akawa mnyamapori. Biashara ikasimama siku moja, kwa uamuzi uliolenga vitu vingine kabisa.

Mchu Mkongwe (mleta uzi)

Kijana wa Kwale, Muheza, mmenijibia kwa pamoja. Gazi naiheshimu sana, na watu husahau kwamba watafiti wa KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya) walikuwa wamekaa pale miaka mingi wakipanda na kupima kabla ya pesa yoyote kuingia. Hesabu zilikuwepo, wanunuzi wakaja baadaye. Anayeanza na ahadi ya hewa ukaa kijijini bila hesabu anajenga deni. Mwaka wa kwanza watu wanauliza "lini?", wa pili wanauliza kwa sauti, wa tatu wanakata miti kwa hasira. Mimi siiongelei faida ya pesa kwenye mkutano hadi mkataba uwe mkononi na umesomwa kwa Kiswahili.

Faida nyingine zipo na hazisubiri mnunuzi. Mizinga ya nyuki kwenye mchu. Kaa wanaoachwa wakue. Kazi za uongozaji wageni pale wanapofika. Chumbe kule Unguja, hifadhi tangu mwaka 1994, waliwachukua wavuvi wakawafundisha kuwa walinzi, na wanafunzi wa Unguja wanapelekwa kushuka majini kwa miwani waone matumbawe. Mvuvi aliyegeuka mwalimu wa bahari watoto wanamsikiliza kuliko kitabu.

Na ustadhi msimdharau, narudia. Misali kule Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, masheikh walifundisha hifadhi kwa mafunzo ya dini, na wavuvi ambao hawakusikia la serikali walilisikia hilo.

Mtumishi wa Umma

Mleta uzi, swali la kiofisi. Mtu ana bajeti ndogo, kata moja, shule mbili. Aanze na nini, gharama ziko wapi? Usiniambie manila.

Mchu Mkongwe (mleta uzi)

Manila ndiyo ya kwanza, mkuu, pole.

Baada ya hapo: jedwali la maji la mwaka kutoka mamlaka ya bandari, au mzee mwenye kuhesabu mwezi kwa vidole, ukipata vyote viwili bora. Kamba, vigingi, madaftari ya jalada gumu, penseli (kalamu ya wino ikilowa umepoteza siku). Raba za plastiki kwa kila mtoto, maana kuna samaki wa miiba na magamba ya chaza yanayokata kama wembe. Hapa usibane pesa. Uji au chakula cha watoto siku ya kazi. Mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi wanane, wawili kati ya hao watu wazima wawe wanajua kuogelea, na mnatoka msituni maji yanapoanza kugeuka, hamngoji yafike magotini. Ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na picha za watoto ziombewe ruhusa yake peke yake.

Gharama kubwa inayosahaulika ni mwaka wa pili na wa tatu. Kiwanja kilichopimwa mara moja hakikwambii kitu. Ukiwa na pesa ya shule tano kwa mwaka mmoja, chukua shule mbili kwa miaka miwili na nusu. Andiko litaonekana dogo, mfadhili atauliza kwa nini watoto ni wachache. Mjibu hivyo hivyo.

Mwalimu mlezi wawe wawili kila shule, kwa sababu mmoja atahamishwa. Atahamishwa tu.

Mwalimu wa Zamu

Na wakihamishwa wote wawili?

Mchu Mkongwe (mleta uzi)

Ndiyo maana madaftari yanakaa ofisi ya kijiji, si kwa mwalimu mkuu. Na kiwanja kinajulikana na mzee mmoja wa msitu na watoto wa darasa la sita, ambao mwaka unaofuata wanawaonyesha wa la tano vigingi vilipo.

bi pweza

Bamvua ijayo inaangukia Jumamosi, mkumbushe ustadhi wako mapema.

Mchu Mkongwe (mleta uzi)

Nimeshampigia. Kasema niwalete Alhamisi baada ya alasiri, na niongeze misahafu miwili.